Mama Benta Adoyo Obonyo, Mwenye Mahema Aliyejifunza Kukaa

Kabla hatujasema alizaliwa wapi, familia inawaomba wageni waangalie juu. Mahema haya ya bluu si ya Mama Benta. Mahema yake ya kukodisha ni ya kijani, kila mtu kutoka Kombewa hadi Kondele anayajua, na leo yamekunjwa ndani ya stoo kule Manyatta, kufuli mlangoni. Viti mlivyokalia pia si vyake. Tangu asubuhi kuna watu wamekuwa wakinong'ona kwamba watoto wameanza kugombania mali, au kwamba biashara ilikuwa imeanguka kimyakimya. Biashara haijaanguka na watoto hawajagombana. Ni marehemu mwenyewe aliyeagiza hivyo, na agizo lake lina sehemu ya pili ambayo bado haijatimizwa, itakayohitaji msaada wa kila mmoja wenu wakati jeneza linaposhushwa. Ili muelewe, itabidi mvumilie kusikiliza maisha yake. Anayesoma ni mdogo wake, Dorca, ambaye marehemu alimwambia mara nyingi kwamba anaongea sana, na ambaye leo hatakatizwa.

Benta Adoyo alizaliwa Jumatatu, tarehe 22 Aprili 1968, huko Misori, Uyoma, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Nahashon Ogola, fundi wa kuunda mashua, na marehemu Mama Peres Aoko. Ilikuwa majira ya palizi, na ndiyo maana akaitwa Adoyo. Mama yetu alipenda kusimulia kwamba aliacha jembe shambani akidhani ataenda kulichukua kesho yake, na jembe likaibwa, kwa hiyo Benta alikuja duniani akiwa tayari na deni la jembe. Labda ndiyo sababu alifanya kazi namna ile. Nyumbani, samaki akiiva, Benta ndiye aliyegawa. Alijua nani anapenda kichwa na nani mkia, na aligawa kwa haki kabisa, isipokuwa kwamba kila mara alijisahau. Mama akimwuliza yeye amekula nini, alijibu kwamba ameshiba mvuke. Tulicheka, tukaendelea kula. Alikuwa msichana mdogo, na tayari tulikuwa tumemzoea hivyo.

Alisoma shule ya msingi pale pale Misori, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1982, kisha akajiunga na shule ya upili ya wasichana kule Bondo, alikomaliza kidato cha nne mwaka wa 1986. Walimu walimpenda na wenzake walimtumia. Alifua sare za wasichana waliokuwa na mikono mizima kama yake, akaazimisha viatu vyake mpaka vikaenda likizo bila yeye. Walipomfanya kiranja wa bwalo, hakuna aliyeshangaa. Katika miaka yake yote pale, aliyekula mwisho ni kiranja, na mara nyingine alikuta chungu kimekwanguliwa.

Mwaka wa 1987 alipata kazi Maseno, katika hoteli ndogo ya chai na chapati nje ya geti la chuo. Hapo ndipo alipojifunza kupikia watu wengi kwa haraka na kuwanyamazisha wanafunzi wenye njaa bila kuwatukana. Hapo pia ndipo alipokutana na kijana mrefu, mpole, aliyekuja kutengeneza bomba la jikoni na kulitengeneza kwa wiki mbili. Bomba lile, kwa maelezo ya marehemu, lilikuwa na tatizo la siku moja. Joram Obonyo na Benta Adoyo walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1991, hapa Seme, kwao Joram, wakahamia Kisumu, katika nyumba ya baraza la mji mtaani Kaloleni, kwa sababu Joram alikuwa fundi wa maji wa baraza. Mungu aliwajalia watoto wawili, Maryanne na Odera.

Jirani yao wa mlango wa pili Kaloleni alikuwa Safia, binti wa marehemu Mzee Idd, na mpishi wa pilau ambaye hakuna harusi ya Kiislamu mjini iliyothubutu kumruka. Joram alipopunguzwa kazini mwaka wa 1999, Benta alienda kwa Safia kuazima sufuria mbili kubwa apikie wageni wa ubatizo wa mtu. Safia alimpa sufuria, halafu akaja mwenyewe kuangalia zitatumiwaje, halafu akavua baibui akashika mwiko. Kwa Safia, Benta alijifunza pilau ya umati. Kutoka kwa sufuria za kuazima alifika kwa zake mwenyewe, kisha viti, kisha mahema ya kijani, kisha lori lenye jina lake ubavuni. Safia naye baadaye alinunua mahema yake ya bluu. Siku za Jumamosi walikuwa washindani, siku zilizobaki walikuwa wanakunywa chai pamoja.

Nyote mnajua mambo yetu ya matanga. Msiba wetu ni wa watu wengi, na watu wengi lazima wale. Hivyo biashara ya Mama Benta haikuwahi kukosa kazi. Ilikuwa na tatizo moja tu, na tatizo lilikuwa ni sisi. Kila aliyekuwa na tone la undugu naye aliamini kwamba mahema yale ni ya ukoo. Binamu wa shangazi wa Uyoma alipofiwa, alipiga simu. Shemeji wa jirani wa Seme alipofiwa, alipiga simu, na kama simu haikushikwa alikuja mwenyewe saa kumi na moja asubuhi na kukaa sebuleni mpaka apewe lori. Benta hakujua kukataa. Neno lilimfika kooni likageuka kuwa "sawa." Bwana Wekesa, msimamizi wake wa mahema tangu mwanzo, alizoea kumwuliza swali moja kila Alhamisi: "Mama, hii ni ya kazi ama ni ya ndugu?" Akiambiwa ni ya ndugu, alichukua viti vya zamani, kwa sababu alijua vitarudi bila miguu. Na Benta alikwenda matanga yote hayo, lakini hakuhudhuria hata moja. Alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye moshi.

Ndivyo ilivyokuwa hata siku ya mama yetu. Mama Peres alizikwa Misori Jumamosi, tarehe 8 Agosti 2009. Mahema yalikuwa ya Benta, viti vya Benta, sufuria za Benta, na hakuna aliyemwuliza kama angependa iwe hivyo, maana ilionekana wazi kama mchana. Alikuja na wasaidizi wake, lakini watu walifurika kuliko tulivyotarajia, na ibada ilipokuwa katikati, mtu wa kamati alimjia pale alipoketi na watoto wa marehemu, akainama, akamnong'oneza kwamba wachungaji wanaondoka mapema na chai yao bado. Benta aliinuka akaenda. Chai ikazaa wali, wali ukazaa nyama, na alipokuwa ameshika mwiko alisikia wimbo wa kaburini ukianza upande wa pili wa nyumba. Alivua aproni akakimbia. Alipofika, vijana walikuwa wameshajaza udongo hadi juu na wanaupigapiga kwa koleo. Udongo wa mkono wake haukuingia.

Alirudi jikoni akapakua. Jioni, wageni walipokuwa wanaaga, mmoja baada ya mwingine walimshika mkono na kumwambia kwamba wali ulikuwa mzuri. Walimaanisha mema. Benta alituambia baadaye kwamba alingoja mtu mmoja tu amwambie pole kwa mama yako, na hakuja. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo alifanya kazi kama kawaida, akacheka kama kawaida, na Joram alimkuta mara mbili ameketi ndani ya lori lililozimwa, mikono kwenye usukani, ilhali hajui kuendesha.

Kilichomgeuza kilitoka mlango wa pili. Mzee Idd alifariki Jumanne, tarehe 9 Machi 2010, na akazikwa jioni hiyo hiyo, kama ilivyo desturi yao. Kesho yake asubuhi Benta alibeba sufuria yake kubwa, akaenda kumsaidia Safia kupika. Alimkuta ameketi mkekani na dada zake, mikono mitupu, macho mekundu. Uani, wanawake wa mtaa walikuwa wamewasha moto na kila kitu kinaendelea. Safia, ambaye hakuna aliyethubutu kumpikia pilau siku yoyote nyingine, hakuinuka hata kuonja chumvi. Benta alimwuliza kwa sauti ya chini kama anaumwa.

"Hapana, Mama Maryanne," Safia alisema. "Mfiwa hapiki. Siku tatu majirani watatuletea, sisi kazi yetu ni kukaa na kumkumbuka Baba."

"Na wakikosea?"

"Wakikosea tutakula makosa yao."

Benta alikaa mkekani kando yake. Alikaa mpaka alasiri, na hapo kwenye matanga ya Mzee Idd, mbele ya watu ambao wengi wao hawakumjua, alimlilia mama yake kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyemwuliza analia nini. Walimpa kitambaa na chai yenye tangawizi nyingi mno.

Baada ya hapo alitangaza sheria yake, na aliitangaza mapema ili asije akaambiwa ni hasira za siku moja. Msiba wa mtu mwingine ni kazi, na kazi ataifanya vizuri kuliko mtu yeyote. Msiba wake mwenyewe ni msiba. Atatoa mchango kama wengine, atakuja amevaa nguo nyeusi, atakaa. Hatabeba sufuria. Na sheria hiyo haikuwa yake peke yake: mfanyakazi wake yeyote akifiwa, hafanyi kazi, na chakula cha siku tatu kinapelekwa kwao kutoka jiko la Mama Benta. Wekesa alipofiwa na kaka yake kule Bungoma, lori la kijani lilimfuata hadi kwao, na yeye akakatazwa hata kufungua mlango wa nyuma.

Familia ilisikia sheria ile kama tunavyosikia tangazo la maji kukatwa, kila mtu akidhani ni mtaa mwingine. Kisha, Februari 2013, Mzee Enos Obonyo, baba mkwe wake, akafariki. Hapa hapa Seme, kamati ilipokutana, Benta alisimama akasema mbele ya wote kwamba mahema yakodiwe kwingine. Kamati ilicheka, ikaendelea kupanga habari za ng'ombe. Waliamini kabisa kwamba siku ikifika atalegea. Kwa hiyo hawakukodi hema hata moja, na Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya mazishi, shemeji yake Frankline, mdogo wa Joram, akafika Manyatta na lori tupu. Joram alikuwa naye. Mlangoni mwa stoo aliketi Benta, kwenye kiti kimoja cha plastiki, ufunguo umefungwa kwenye pindo la leso.

Frankline alijaribu kwanza kwa utani, kisha kwa upole, kisha akasema kilichomleta.

"Nyar Uyoma," alimwita, kama wake wa hapa wanavyoitwa kwa huko walikotoka, "hii ni matanga ya Baba. Watu watasema nini? Wewe uko na mahema ya town mzima na sisi tukae kwa jua?"

"Wacha waseme, shemeji. Mimi pia nimefiwa. Mchango nimetoa kama mke wa Joram. Kesho nakuja kulia, sikuji kazi."

"Na chakula?"

"Mkodi mtu. Safia ako, wengine pia wako. Mimi kwa matanga yangu sipiki tena. Mama yangu alizikwa nikiwa jikoni, Frankline. Sirudii."

Frankline akamgeukia kaka yake na kumwambia azungumze na mkewe. Hapo, wapendwa, kila kitu kilikuwa hatarini. Benta alituambia kwamba hakuogopa wazee wala maneno ya watu kama alivyoogopa dakika ile, kwa sababu Joram ni mtu mpole, na watu wapole huwa tunawategemea waseme ndiyo. Kama Joram angemwambia fungua, angefungua, na baada ya hapo asingekuwa na neno lake tena popote, si kazini wala nyumbani. Joram aliangalia lori, akaangalia kiti kile cha plastiki, akamwangalia mke wake.

"Ufunguo ni wa mwenye stoo," alisema. "Twende kwa Safia kabla hajatoka."

Haikuwa rahisi baada ya hapo, na tusijifanye ilikuwa rahisi. Mahema ya Safia yalifika hapa Jumamosi karibu saa sita, wageni wakiwa wameungua. Mzee mmoja, ambaye yupo hapa leo na anajijua, alisema Nyar Uyoma ameota mapembe, na wengine wakasema Joram amekaliwa na mkewe. Benta alisikia yote. Aliketi kwenye benchi la kanisa, nguo nyeusi, mikono magotini, bila kazi. Lakini jambo moja lilitokea ambalo hakuna aliyelipanga. Kwa kuwa Safia alikuja na wapishi wake, wake wote wa boma hili waliokuja na aproni zao waliambiwa hakuna nafasi jikoni, wakakae. Wakakaa. Mke wa Frankline alimwinamia Benta katikati ya ibada akamwambia kwamba ameolewa hapa miaka yote hii na hakujua kumbe mazishi yetu huwa na mahubiri. Walicheka wakiwa wanalia, wakaangaliwa vibaya na mchungaji.

Frankline hakuzungumza na shemeji yake kwa muda mrefu. Salamu zilipita kwa Joram. Baadhi ya watu wa kanisa waliacha kumpa kazi, wakisema mwanamke asiye na huruma kwa wakwe zake hataonea huruma sahani zao. Kwa msimu mzima stoo ilikuwa na ukimya, na Wekesa alishona mahema yote yaliyochanika mpaka akakosa pa kushona. Benta aliumia, na alisema anaumia. Ila hakurudi nyuma. Kisha watu wakaanza kurudi, kwanza kwa sababu wali wa kwingine ulikuwa mbovu, na baadaye kwa sababu walijua kwamba Mama Benta akisema atakuja saa mbili, anakuja saa mbili, kwa kuwa hakuwa tena na ndugu watano waliochukua lori bila kumwambia. Akinamama wa biashara wa masoko ya Kibuye na Jubilee walimwendea kumwuliza alifanyaje. Hakuwa na hotuba. Aliwaambia waanze na ndugu mmoja, na wachague yule asiyebeba panga.

Hapo ndipo alipoanza Jumatatu zake. Jumatatu simu ilizimwa, stoo ilifungwa, na Mama Benta alikwenda Dunga, ufuoni, kwenye kibanda ambamo mama mmoja huuza samaki wa kukaanga, akaagiza ngege mzima na ugali, akangoja kuletewa. Mara ya kwanza alishindwa. Alikula haraka, akaamka, akabeba sahani yake nyuma, akaanza kuosha, mpaka mwenye kibanda akamwuliza kama anatafuta kazi. Mara ya pili alifuta meza ya jirani. Alituambia ilimchukua muda mrefu zaidi kujifunza kukaa kuliko kujifunza pilau. Lakini alijifunza. Wengi wenu mlimwona pale, viatu vimevuliwa, anakula macho ya samaki bila kumgawia mtu.

Ni pale pale Dunga Frankline alipomfuata, Jumatatu moja mwaka wa 2015. Alivuta kiti bila salamu, akakaa. Benta alivunja samaki wake katikati, akamsogezea upande wa kichwa, na yeye ambaye alikuwa amekula kichwa peke yake kwa miaka miwili alibaki na mkia. Frankline alikula kidogo, kisha akasema:

"Shemeji, Baba akishushwa, mama ya watoto wangu alikuwa amesimama na mimi hapo kwa kaburi. Alinishika mkono. Kwa matanga zote, hajawahi kuwa hapo. Hiyo siku sikuelewa."

Benta alimwambia ale samaki kabla hajapoa.

Ugonjwa ulianza mwaka wa 2021, miguu ikivimba jioni. Madaktari walisema moyo umepanuka. Joram alitaka kusema alijua siku zote kwamba moyo wa mke wake ni mkubwa, lakini alitambua si wakati wa utani, akausema nyumbani. Benta aliambiwa apunguze kazi. Aliikabidhi biashara kwa Maryanne na Wekesa, na akamketisha Maryanne akamwambia kwamba asiifanye kwa sababu ni ya mama yake. Siku akichoka nayo, aiuze, na asimwombe ruhusa mtu yeyote, hata kaburi. Wageni wa kumwona walikuja kwa wingi, kama tunavyojuana, wengine alfajiri, na maombi marefu. Benta alisema atapokea wageni kuanzia saa kumi jioni. Joram aliweka kigoda mlangoni pale Kaloleni, akawa askari. Aliwarudisha mashemasi, akawarudisha shangazi wawili waliotoka Uyoma na kuku, akawapa chai nje, na saa kumi ilipofika aliwafungulia mlango kwa heshima zote. Mtu yule tuliyemwita mpole alisimamia mlango ule miaka mitatu.

Benta Adoyo Obonyo alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2024, katika hospitali moja mjini Kisumu. Joram alikuwa amemshika mkono. Maryanne alikuwa upande wa pili, na hakuna aliyekuwa ametumwa kuleta kitu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Kamati ilipokutana hapa kupanga siku ya leo, mzee mmoja, si yule wa mapembe, aliuliza swali ambalo wengine walikuwa nalo mdomoni. Marehemu ameacha mahema yamejaa stoo, ana viti, ana lori, ana wapishi. Kuna haja gani ya kukodi? Maryanne alikuwa analia. Aliyesimama ni mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti ni Frankline.

"Wazee wangu," alisema, "mfiwa hapiki. Na sasa mnataka marehemu mwenyewe atupikie?"

Kwa hiyo mahema haya ni ya Mama Naeema, yaani Safia, ambaye alikataa kulipwa na akakataa kubishana. Wafanyakazi wote wa mahema ya kijani wako safu ya pili, nyuma ya watoto. Wekesa aliona asubuhi nguzo moja ya hema imeegemea upande, akainuka kuinyoosha, na Safia akamrudisha kwa jicho. Nguzo bado imeegemea. Tafadhali msiisogelee.

Sasa sehemu ya pili ya agizo lake. Mwezi Julai mwaka huu aliwaita Joram, Frankline na Dorca kando ya kitanda, akasema polepole kwa sababu pumzi ilikuwa chache. Haya ni maneno yake.

"Mama nilimsikia akizikwa nikiwa na mwiko mkononi. Mimi sitaki mtu asikie wimbo wangu akiwa jikoni. Mkianza kunishusha, moto utolewe chini ya sufuria. Wapishi wote waje, hata wa kuosha vyombo, kila mtu anirushie udongo. Wali ukiungua, uungue."

Kwa hiyo familia inaomba hivi. Mchungaji akianzisha wimbo, jiko litafungwa. Waheshimiwa wenye haraka ya kwenda matanga mengine watatuvumilia. Leo hakuna sahani itakayopelekwa kwa mtu ndani ya nyumba kabla ya wakati. Akinamama walio nyuma pale kwenye moshi, mnaonisikia na mnajifanya hamnisikii, wekeni miiko chini mkisikia wimbo. Watu watawapisha njia. Ninyi ndio mtakaotangulia kurusha udongo, baada ya watoto wake.

Marehemu ameacha mume wake, Joram Obonyo. Watoto wake, Maryanne Aoko na Felix Odera. Mkaza mwana wake, Lilian. Wajukuu wake, Peres mdogo na Enos mdogo. Mdogo wake, Dorca Anyango. Shemeji zake, Frankline na mkewe. Rafiki yake wa mlango wa pili, Safia, na binti yake Naeema. Bwana Wekesa na watu wote wa mahema ya kijani. Na kiti kimoja kule Dunga ambacho mwenye kibanda amekiinamisha mezani ili mtu asikikalie.

Mungu akupokee kwa amani, Adoyo, na akuletee chakula ukiwa umekaa. Vyombo tutaosha sisi.